Mama Asiyelala kwa Mkwewe

Mume wangu alikuwa Mzungu wa kuchimba visima, na tangu tuoane mama yangu hakuwahi kulala nyumbani kwetu Homa Bay. Si kwamba hakumpenda. Kwetu Wajaluo mama halali kwa mkwewe, basi. Akija kutoka Karungu alikaa nje na kunywa chai, akaulizia afya ya mkwewe huku mkwewe akiwa chumba cha pili akimsikia, na kabla jua halijapoa alikuwa ameshaondoka. Mume wangu alizoea upesi. Nadhani hata aliona ni raha.

Mwishoni mwa miaka ya tisini mama yake akaugua mapafu huko Ulaya. Alikuwa ameniona kwa picha tu, na alitaka kuniona kwa macho. Nami nilitaka kupokewa. Mke ambaye mama mkwe hajampokea, kwetu, ni kama mgeni aliyekawia kuondoka. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamefika kwa baba yangu, cheti cha ndoa tulikuwa tumechukua kwa DC, mkuu wa wilaya, lakini hilo moja lilibaki, na daktari alikuwa amesema tusichelewe.

Tukaenda Nairobi kwenye ubalozi wa nchi yake. Sitaitaja, sitaki ugomvi na balozi wa mtu. Afisa alitaka kujua nina kazi gani, nina shamba wapi, nini kitanirudisha Kenya. Mume wangu ameketi ubavuni mwangu, cheti kiko mezani, na bado naulizwa naenda kufanya nini. Nikasema naenda kumwona mama mkwe. Akaandika kwamba naenda kutalii. Kisha akatuambia tungoje, na hakusema hadi lini. Nilitoka pale nikiwa nimekasirika.

Aliyetuokoa ni wifi yangu. Yeye alikuwa ameolewa huko huko Ulaya, nchi jirani na yao, mwendo mfupi tu kwa gari kutoka kwa mama yao, na ni mtu wa kusoma kila kitu. Tulimpigia simu kutoka posta, naye akatueleza. Raia wa Ulaya akisafiri kwenda nchi nyingine ya Ulaya ana haki ya kwenda na mkewe, hata kama mke anatoka Karungu. Viza hutolewa haraka, tena bure. Lakini akienda nchi yake mwenyewe, sheria hiyo haimhusu. Huko anafuata masharti ya kwao. Yaani mume wangu angeweza kunipeleka kwa jirani, ila si kwa mama yake! Nilicheka hadi watu wa posta wakanigeukia. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema Waswahili, lakini hawa walimfungulia mgeni wakamfungia mwenyeji.

Mama mkwe aliposimuliwa hayo hakucheka. Alisema, "Basi nipelekeni kwa binti yangu. Nitamngoja huko."

Nikaenda Karungu kumwambia mama, nikidhani atafurahi. Aliweka kikombe chini.

"Kwa binti yake? Atalala wapi?"

"Hapo hapo, Mama."

"Kwa mkwewe? Na ugonjwa wote huo?" Akanishika mkono. "Nyathina, mwanangu, hiyo itamletea chira. Waambie wamwache kwake. Wewe utaenda siku nyingine."

Chira ndiyo inayomkondesha na kumwua anayevunja miiko, na mama hakuwa na mzaha. Nilisoma hadi sekondari ya bweni Asumbi, nilikuwa na mume Mzungu, na bado niliogopa. Akifia kwenye kitanda kile, je? Nilimwambia mume wangu tuache. Akasema kwao hakuna mwiko kama huo. Nikamwambia najua, lakini kwangu upo. Ikabidi apige simu tena, amweleze mama yake habari ya mwiko wetu. Jibu lilirudi kwamba yeye ni mwanamke mzee na hajawahi kuogopa kitanda. Mama alipopelekewa jibu hilo alitikisa kichwa tu.

Viza ya nchi jirani haikumaliza wiki, na hakuna aliyeniuliza habari ya shamba.

Nilimkuta mama mkwe nyumbani kwa wifi, karibu na dirisha, amevaa koti la kutokea na kujipaka rangi ya midomo, anahema kwa shida. Alinishika uso kwa mikono yote miwili akanitazama kwa muda mrefu. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, na pumzi yake ndogo zaidi. Nilimpikia ugali na samaki, akala kidogo, akaomba tena kesho yake. Sikumbuki kupendwa hivyo na mtu niliyemjua kwa siku chache.

Alifariki tulipokuwa tumesharudi Kenya. Walimzika kwao, na mume wangu alikwenda peke yake, kwa sababu kaburi lilikuwa upande ule ambao sheria haikunitambua. Nililia siku hiyo kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni.

Mume wangu aliporudi, mama yangu alikuja kutoa pole. Hakungoja nimtolee kiti nje. Aliingia moja kwa moja sebuleni alikokuwa mkwewe, akampa mkono, akamwambia pole, mwanangu. Mume wangu alisimama. Mama akanigeukia, akanikabidhi mfuko wake wa nguo.

"Yule mama alilala kwa mkwewe akiwa mgonjwa, ili akuone wewe," alisema. "Mimi ni mzima. Nitandikie."