Sauti ya Edna Ndani ya Kichekesho

Saa nne na nusu asubuhi, Lynne Entwistle anamimina gunia la tatu la viazi kwenye mashine ya kumenyea, kisha anaipiga teke pale pale anapoipiga kila siku. Mashine inanguruma. Nje, mji wa Burnley, kaskazini mwa Uingereza, unalowa kwa mvua inayosukumwa na upepo, na mzee Walt Sagar tayari yuko mlangoni, saa nzima kabla duka la chipsi halijafunguliwa.

"Nisainie karatasi ya chipsi, kipenzi, kabla hujawa mtu mkubwa," anasema Walt.

"Nitakusainia hicho kipara. Rudi saa tano na nusu."

Lynne, mwenye miaka 61, amekaanga samaki kwa miaka 34. Umaarufu umemjia kwa kaseti moja.

Mwaka 1973, akiwa na miaka tisa, alikuwa hana ulevi mwingine ila mchezo wa kuchekesha wa televisheni ulioitwa *Wapangaji Wawili, Bafu Moja*. Kila Alhamisi jioni aliweka kinasa sauti mbele ya spika na kuamuru nyumba nzima inyamaze.

"Baba alikuwa anakoholea ndani ya mto wa kochi," anasema. Anaapa kwamba hata paka alivuka sebule kwa ncha za kucha.

Baadaye kituo cha televisheni kilifuta kanda zake ili kizitumie tena. Kipindi cha mwisho kilibaki kwenye kaseti ya Lynne peke yake, nayo ilikatika mwezi uliopita, mara tu ilipomaliza kunakiliwa.

Aliyeinakili ni Rupert Fanshawe, mhifadhi wa kanda kutoka London. Alimletea Lynne maneno yote ya kipindi, yamepigwa chapa, ayahakiki. Ukurasa wa sita ulimkwamisha. Ulisema: "Mama mwenye nyumba: Chai tayari, inapoa." Chini yake: "Watazamaji wanaangua kicheko."

"Huyo si mwenye nyumba," Lynne alimwambia. "Ni mama yangu, Edna, anaita kutoka jikoni."

"Lakini inaingia sawasawa. Mpangaji yuko bafuni, na mwenye nyumba anampelekea kikombe."

"Kikombe gani, kipenzi? Huku kwetu chai ni chakula cha jioni. Yalikuwa maini na vitunguu."

Rupert aliona haya. Akaahidi kuifuta sauti hiyo kwa kompyuta kabla kipindi hakijasikilizwa Jumamosi hii katika maktaba ya mji.

Lynne aliomba siku moja ya kufikiri. Edna alifariki mwaka 1988, na hakuna mahali pengine sauti yake iliponaswa.

Kesho yake alipiga simu. "Mwache mama alipo. Na umwandike kwenye orodha ya waigizaji."

Rupert alichukua kalamu. "Edna nani?"

"Entwistle. Andika vizuri."

Jumamosi duka litafungwa, naye atakaa mstari wa mbele.

"Siku ile nilimnunia mama mpaka Ijumaa kwa kuniharibia kaseti," anasema, akifuta mikono kwenye aproni. "Safari hii akiniita, nitaitika."