Siku Nilipowasha Oveni ya Kadzo

Niliyoyafanya siku ile hayasimuliki mbele ya mkwe, lakini mkwe mwenyewe alikuwepo na aliyaona kwa macho yake, kwa hiyo sina cha kuficha tena, na ninyi mkitaka kucheka chekeni tu, maana hapa Gede nimeshachekwa na watu wazima, na watoto, na hata mzee wa kanisa ambaye kwa kawaida hacheki. Mimi ni seremala. Mikono yangu inajua msumeno na randa, lakini jikoni kwangu nilikuwa sijui hata chumvi inakaa wapi.

Kisa kilianza na jirani yangu Safari. Safari ni mpishi wa hoteli moja kule Watamu, na kila mwaka masika yakianza wageni hupungua, hoteli hufungwa, naye hurudi nyumbani kukaa na mkewe Dama mpaka msimu urudi. Sina ubaya naye (au tuseme sikuwa na ubaya naye), ni mtu mpole, halewi, hagombani na mtu, kasoro yake ni hiyo hiyo kwamba hana kasoro. Basi siku moja mke wangu Kadzo akaenda kwao kurudisha chekeche, mtoto wetu wa tatu yuko mgongoni, ana miezi mitatu tu, akakawia huko mpaka njaa ikaanza kuniuma, na aliporudi alikuwa na uso ambao sijauona tangu tuoane.

"Baba Mbeyu," akaniambia (Mbeyu ni binti yetu wa kwanza), "leo nimekula. Safari kakata soseji, viazi, karoti, vitunguu na pilipili hoho, kamwaga vyote kwenye trei moja, katia mafuta na chumvi na kitunguu saumu, kaisukuma kwenye oveni. Dakika arobaini, kwisha. Hata sufuria ya kuosha hamna."

Ningekuwa mtu wa maana ningesema vizuri sana, nikaendelea na chai yangu. Lakini habari hiyo aliirudia Jumatatu, Jumanne akairudia akifua, Jumatano akamsimulia mama yake kwa simu, na kila anapolitaja jina la Safari nasikia sauti inalainika, na mimi wivu ukanikaa kooni kama mwiba wa samaki. Si kwamba nilidhani anamtaka mke wangu, hapana, hilo halikunipitia. Kilichoniuma ni kwamba katika miaka tisa ya ndoa nimemtengenezea Kadzo kitanda, meza, na kabati la mvule lenye maua niliyoyachonga kwa mkono wangu wiki nzima, na sijamsikia hata siku moja akimpigia mtu simu kumwambia habari za kabati. Nilitaka jambo moja tu, anitaje mimi kwa sauti ile.

Ndipo nikasema neno ambalo lingenikwama mdomoni ningekuwa na bahati. Nikasema, "Chakula cha trei? Mbona hata mimi nakijua. Nilipokuwa natengeneza milango ya hoteli kule Watamu, wapishi walinifundisha." (Uongo mtupu. Wapishi wale nilichojua kwao ni dirisha la kupokelea maharagwe.)

Kadzo akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndara. "Wewe?"

"Mimi. Jumapili nitawapikia."

Nilidhani atasema "usijisumbue", kama wanavyosema wake za watu wengine, lakini alichukua simu, akaenda nje kumpigia mama yake, akarudi anacheka. "Mayo anasema atakuja kutoka Ganze Jumamosi. Anasema hajawahi kuona mkwe wa kiume akipika, na kwa umri wake hataki kufa hajaona."

Kwetu mama mkwe si mtu wa mchezo: sikai naye chumba kimoja, sili naye sahani moja, simwangalii usoni, na akiwa na neno na mimi hulipitisha kwa Kadzo hata kama nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Sasa huyo ndiye aje aonje mkono wangu.

Ningemuuliza Safari ingekuwa kazi ya dakika tano. Lakini kumuuliza ni kumwongezea sifa, na sifa alizokuwa nazo nyumbani kwangu zilikuwa zinatosha. Kwa hiyo jioni ya Alhamisi nikainama nyuma ya ua wa minyaa unaotutenganisha, upande unaotazamana na dirisha la jiko lao, nikawa nachungulia. Nikamwona amewasha oveni kwanza, ikiwa tupu, akaufunga mlango ipate moto huku yeye anakata mboga taratibu, anapiga mluzi. Nikasema moyoni, aha, siri ni hiyo, iwashe kabla hujaanza kukata. Mara akainua macho.

"Baba Mbeyu, kwema huko?"

"Kwema, kwema. Namtafuta kuku wangu."

"Yukoje?"

"Mwekundu," nikasema (kuku sina tangu Krismasi, wote waliondoka na ugonjwa wa kideri). Safari akaacha kisu, akamwita na Dama, wakatoka kunisaidia, tukamtafuta kuku huyo kwenye minyaa, chini ya tangi la maji na nyuma ya choo mpaka adhana ya magharibi. Kila Safari alipoinama kuita "kuti kuti kuti" nilizidi kumchukia, kwa sababu wema wake nao ulikuwa unanishinda.

Jumapili ikafika. Mkwe alikuwa ameshalala kwetu usiku mmoja, amesalimiwa kwa mbali, na asubuhi yeye na Kadzo na watoto wakajiandaa kwenda kanisani, mimi nibaki na kazi yangu. Jiko letu la gesi, lenye oveni chini, nililipata kwa Mtaliano mmoja aliyekuwa anahama Malindi, nilimpa kitanda naye akanipa jiko, na tangu liingie ndani meko ya juu hutumika kila siku. Oveni sijawahi kuiona ikiwaka. Kadzo akasimama mlangoni, mtoto mgongoni, Biblia mkononi.

"Baba Mbeyu, kabla sijaenda, hiyo oveni..."

"Oveni niachie mimi."

"Nataka tu nikwambie kwamba..."

"Kadzo, Safari naye huambiwa?"

Akaenda zake. Hapo ndipo ningepaswa kupigwa kofi na malaika, lakini malaika nao nadhani walikuwa kanisani.

Nikavua shati nisilichafue, nikachukua leso ya Kadzo kambani, nikajifunga kiunoni, nikabonyeza kigeuzo cha oveni, nikazungusha, cheche zikalia tiki tiki, nikasikia gesi imeshika. Vizuri. Mlango sikuufungua, kwa nini niufungue wakati siri ni joto lisitoke? Nikakaa kukata. Na kusema kweli nilikata vizuri, karoti zangu zilikuwa sawa kwa sawa, viazi pembe nne kamili, ungeweza kuvipima kwa futi. Nikavipanga kwenye trei pamoja na soseji, nikamwaga mafuta, nikajiona nimeshafika, nikawa nawaza mkwe atakavyopita kwa Kadzo kuniambia ahsante, na Kadzo atakavyoirudia ahsante hiyo kwa simu wiki nzima.

Ndipo harufu ikaja. Harufu ya plastiki inayoungua, kali, ya kukwaruza pua, na ninyi mtaniuliza kwa nini sikugeuka nyuma, nami nitawajibu kwamba mwenye wivu hageuki nyuma, hutazama kwa jirani. Nikajua ni Safari. Nikasema huyu mtu amesikia leo napika, ameona anichomee takataka anichafulie hewa mbele ya mkwe. Nikatoka nje na kisu mkononi, kifua wazi, leso kiunoni, nikasimama kwenye minyaa nikaita kwa sauti ya kusikika mpaka steji ya matatu.

"Safari! Ndugu yangu, hata Jumapili? Mtu mzima unachoma plastiki watu wakipika?"

Safari alikuwa amekaa barazani anasuka kamba. Akanitazama, akatazama juu ya kichwa changu.

"Baba Mbeyu," akasema kwa upole, "moshi unatoka kwako."

Nikageuka. Moshi mweusi ulikuwa unatoka kwa dirisha la jiko langu, na kwa mlango, na katikati ya makuti ya paa, mzito kama wa tanuri la chokaa.

Sasa nisikilizeni. Kadzo alipojifungua, akina mama wa kanisa na majirani walituletea vyakula kwa wiki mbili, mmoja na hotipoti, mwingine na bakuli la plastiki, kila mmoja ameweka alama yake chini kwa rangi ya kucha. Na kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, ni aibu, lazima utie kitu ndani, hata vitumbua. Kadzo na mtoto mchanga hakuwa amepata nafasi ya kupika vitumbua vya watu kumi na mmoja, kwa hiyo vyombo vyote alivihifadhi mahali pasipoingia panya wala vumbi. Alivihifadhi ndani ya oveni. Nyumba nzima ilijua, hata Mbeyu wa darasa la tatu alijua. Asiyejua alikuwa mwenye nyumba.

Safari aliruka ua, vijiti vya minyaa vikamchana mguu, akaingia akafunga gesi, akafungua oveni kwa kitambaa kilicholowa maji, na humo ndani hotipoti zilikuwa zimelala juu ya mabakuli na mabakuli juu ya hotipoti, vyote vinatiririka, vyekundu na bluu na kijani, mpaka sakafuni. Kanisa letu si mbali. Waliuona moshi wakati wa sala ya mwisho, nadhani sala ilikatwa, maana nilipotoka nikikohoa nilikutana na usharika mzima na ndoo za maji, na mbele yao mama mkwe wangu.

Nilikuwa kifua wazi mbele ya mkwe. Masizi usoni. Na ile leso niliyoitwaa kambani bila kuisoma maandishi yake, mzee wa kanisa aliisoma kwa niaba yangu, taratibu, kama anasoma waraka: "Ha-si-di ha-na sa-ba-bu." Halafu yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kucheka.

Mkwe akageuza uso akautazama mpapai. "Kadzo," akasema, "mwambie mumeo avae."

Niliposhika shati bado nilikuwa na tumaini, kwa sababu trei ilikuwa mezani, nzima, haijaguswa na moto. Lakini Safari alikuwa ameshaiona. "Tusipoteze chakula," akasema, akaibeba akaenda nayo kwake, na baada ya dakika arobaini ikarudi, soseji zimepiga wekundu, viazi vina ganda, vitunguu vimelegea vitamu, akina mama wote wakaonja. Mkwe alikula sahani mbili. Nikiwa nyuma ya mlango nikamsikia akisema, "Kijana huyu wa jirani ana mkono wa mapishi. Mama yake alimlea." Karoti nimekata mimi. Viazi nimemenya mimi. Nilisimama pale nyuma ya mlango nikaona wivu tele, na aibu haikuupunguza hata kidogo, na siwezi kuwadanganya.

Alasiri watu walipoondoka na mkwe amejipumzisha, Kadzo akaingia jikoni na kisu kikuukuu kukwangua plastiki iliyogandamana na oveni. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepata la kujibu. Nikavuta kiti, nikakaa, nikamuuliza lile lililokuwa kooni wiki nzima.

"Kadzo, huyu Safari ana nini ambacho mimi sina?"

Akaendelea kukwangua.

"Wewe unadhani nilikuwa nasifu soseji," akasema. "Soseji gani, Baba Mbeyu? Siku ile nilipofika mlangoni aliniambia, kaa. Nikakaa. Dama akanitua mtoto mgongoni, Safari akanipakulia, akanipa maji ya kunawa, nikala kingali moto. Tangu niolewe sikumbuki mtu aliyeniambia kaa nikala kingali moto. Ndiyo nilikuwa nasimulia. Hata simu ile kwa Mayo, hilo ndilo nililomwambia."

Nikamtazama. Alikuwa amesimama, ameinama kwenye oveni, mtoto mgongoni, na jasho linamchirizika. Mimi nilikuwa nimekaa.

Nikainuka. Nikamtua mtoto, nikamlaza kwenye mkeka, nikamwambia, "Lete kisu. Kaa." Akanitazama kama mtu anayetafuta mtego, kisha akakaa ukingoni mwa kiti, mgongo wima, kama mgeni aliyekuja kuomba kazi. Mara mbili aliinuka kunionyesha niliposaza, na mara mbili nikamwambia kaa.

Wiki iliyofuata nilipita nyumba kumi na moja nikiwa na vyombo vipya, na ndani ya kila kimoja vitumbua ambavyo Kadzo alinielekeza akiwa kitini, vingine viliungua upande, na kila mlango nilieleza mwenyewe kilichotokea. Nimeapa kwamba sitawasha tena kitu ambacho sijakifungua. Na nimeapa kutomwonea mtu wivu kwa jambo ambalo ningeweza kulifanya nami kwa kuinuka tu kitini. Kiapo cha kwanza ni rahisi. Hiki cha pili, masika yakifika na Safari akirudi akaanza mluzi wake dirishani, hunibidi nikiape upya kila jioni.