Stelingi Aliyeruka

Romani alikuwa dereva wa lori asiye na lori. Leseni yake aliitia kwenye mfuko wa nailoni na kuibeba kifuani kila siku, na watu wa mtaa wetu wa Vingunguti walikuwa wakimwomba waione, kisha wanamwuliza kama inajua kupanda mlima yenyewe. Alicheka pamoja nao. Mtu asiye na kazi hujifunza kuchekwa mapema.

Lori lake la mwisho liliishiwa breki kwenye mteremko wa Kitonga, likaingia korongoni na shehena yote ya sukari. Utingo wake, Salumu, alikufa pale pale. Romani alitoka na mkono uliovunjika. Tangu hapo matajiri wa malori walimwona nuksi, akawa anabeba ngozi machinjioni.

Salumu alikuwa mtoto wa mtaa huu huu. Mama yake, Bi Mwajabu, aliuza vitumbua mlangoni mwa banda la video nilikokuwa nakata tiketi. Romani ndiye aliyemletea maiti, na ndiye aliyemsimulia: kwamba alishika usukani mpaka mwisho, kwamba walirushwa nje wote wawili, kwamba Salumu alikata roho kichwa kikiwa mapajani mwake na shahada ikiwa mdomoni. Yeye, Mkristo wa Peramiho, akamfumba macho.

Bi Mwajabu alikaa na maneno hayo miaka mitano. Kila asubuhi Romani akipita na kusema, "Shikamoo mama," alimfungia vitumbua viwili kwenye gazeti wala hakumdai. "Huyu alimzika mwanangu kabla yangu," alikuwa akisema kwa wateja, na mteja aliyejaribu kumtania Romani mbele ya sinia lake aliondoka na njaa.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Kila kitu kiliingia, na kanda za video ziliingia kwa magunia. Zilizotufikia sisi ni zile za bei rahisi, na kati ya hizo watu walipenda za barabarani: gari la stelingi, shujaa wa picha, linakimbia, jingine linafukuza, jangwa kila upande. Zilikuwa na kasoro ambazo hata kipofu angeziona. Mti mmoja mkavu ulipitwa mara nne, na banda zima likapiga kelele, "Mti wetu huo!" Mafuta hayakuisha. Hakuna aliyeshuka kukojoa. Gari likianguka liliwaka moto kama limebeba baruti, na gari lenyewe lilikuwa limebadilika rangi tangu lilipokuwa ukingoni.

Romani aliziona kasoro hizo na nyingine zaidi. "Huyu keshaingiza gia ya kumi na saba," alikuwa akisema kutoka benchi la mbele. Lakini hakukosa hata moja. Siku moja nilimwuliza anapenda nini humo.

"Hawana hela," alijibu. "Kwa hiyo wanakuonyesha uso wa dereva na kioo cha pembeni, basi. Wenye hela wangekuonyesha milima na helikopta. Breki zikiisha huoni milima, braza. Unaona kioo na mguu wako."

Kisha akaongeza, "Halafu stelingi hashuki kwenye gari lake."

Hakuna kati yetu aliyejua Kiingereza. Tulikuwa na Talha. Talha alisimama kando ya runinga na fimbo mkononi, akatutafsiria, ingawa Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu. Alitunga. Jangwa la Wazungu likawa Chalinze, polisi wao wakawa wa Ubungo, na majina yakawa yetu. Hapo ndipo palipokuwa na desturi: ukimnunulia Talha kahawa na kashata kabla ya onyesho, jina lako liliingia kwenye filamu. Wapenzi waliingia hivyo. Mwenye nyumba mkorofi aliingizwa na wapangaji wake akawa jambazi, akapigwa risasi mchana kweupe huku wapangaji wakipiga makofi.

Mwaka wa tano baada ya ajali Suleiman, mwuza mitumba, alinunua Fuso kuukuu. Romani alimwendea mara nyingi. Suleiman alimwangalia, akaiangalia leseni, akasema atafikiri. Mwishowe alimwambia, "Jumamosi nipo kwenye banda la video. Tutaonana huko nikupe jibu lako."

Jumamosi hiyo mchana Romani alifika mapema, amevaa shati lililopigwa pasi. Alimletea Talha kahawa na kashata, na sigara mbili juu yake.

"Leo nipe stelingi," alimwambia.

"Wewe? Stelingi wa mifupa hiyo?"

"Nipe, Talha. Suleiman anakuja. Nataka alisikie jina langu kwenye usukani."

Talha akacheka, akainywa kahawa. "Haya. Leo utaendesha mpaka Tunduma."

Kanda ilikuwa mpya, imetoka mjini muda mfupi uliopita, haina hata kasha. Talha hakuwa ameiona. Romani hakuuliza. Kwani aulize nini? Stelingi ni stelingi.

Suleiman akaingia na kanzu yake nyeupe, akapewa benchi la mbele. Romani akakaa pembeni yake, mikono magotini kama mtoto wa chuo cha Kurani. Bi Mwajabu alikuwa mlangoni kwenye kigoda chake, mgongo kwenye mbao, uso ndani; onyesho likianza wateja hukoma, naye huangalia bure.

Lori kubwa likatokea barabarani. "Huyu Romani," Talha akasema, "dereva wa Vingunguti, baba wa barabara." Watu wakapiga miluzi. Pembeni ya dereva aliketi mtu mwembamba mwenye kofia, amesinzia. "Na huyu utingo wake."

Kwa nusu saa mambo yalikwenda vizuri ajabu. Gari jeusi liliwafukuza, Romani wa kwenye runinga akalikwepa, mti mkavu ukapita, ukapita tena. Suleiman alicheka, akampiga Romani begani. "Kumbe unaiweza kazi, bwana." Sijawahi kumwona Romani akiwa na uso ule. Alinyooka kama anayepimwa nguo.

Kisha lori likafika kwenye mteremko. Dereva akakanyaga breki. Akakanyaga tena. Tukaonyeshwa mguu wake, kioo, uso wake, mguu. Hapo ndipo filamu za namna hiyo huwa na nguvu. Jenereta ikasikika nyuma. Dereva akamtazama yule aliyesinzia. Akafungua mlango. Akaruka.

Lori likaenda na mwenzake, likaingia korongoni, likawaka.

Talha alikuwa fundi wa kutonyamaza. "Romani huyooo," akasema, "kaachia usukani, karuka kama panzi. Anasema, utingo wangu, kila mtu na miguu yake."

Wakacheka sana. Walicheka kwa sababu ilikuwa filamu, na kwa sababu Romani alikuwepo. Mtu mmoja akauliza, "Utingo yuko wapi sasa?" Mwingine akajibu, "Anachomwa mishikaki." Mlangoni nilisikia kigoda kikisogea.

Na filamu yenyewe haikumkumbuka yule mtu tena. Hiyo ndiyo kasoro yao mbaya kuliko gia na miti: mtu akishakufa wanamsahau, stelingi anapangusa vumbi na kutafuta mwanamke. Lakini walikuwa hawana hela, na picha ya kuruka ilikuwa nzuri, kwa hiyo waliitumia tena. Stelingi amelala hotelini, akaota, tukaiona upya: kioo, mguu, uso, mlango.

"Romani anaruka mara ya pili," Talha akasema. "Huyu jamaa keshaipenda." Vicheko vikarudi, vikubwa zaidi. Suleiman alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya kanzu. Romani aliangalia runinga tu.

Mara ya tatu ilikuja karibu na mwisho. Talha aliinua fimbo akakosa la kusema. Mzaha umri wake ni mfupi. Kioo. Mguu. Uso. Katika kimya kile Romani akafungua mdomo, na kwa kuwa alizungumza kwa sauti ya kawaida, kwanza tulidhani anatafsiri.

"Hapo anamwita," akasema. "Anamwita jina. Mwenzake kasinzia, amekesha akifunga turubai. Ukimtikisa unaachia usukani. Ukishika usukani humtikisi. Basi anamwita mara moja, kisha mlango tayari uko wazi."

Stelingi akaruka.

"Halafu anashuka chini kumtafuta," Romani akasema, "lakini hamkuti akiwa hai. Hakuna shahada. Hakuna kitu."

Hakuna aliyemwuliza. Hakuna aliyekuwa anajua. Talha alikuwa ametunga tu, kwa kahawa, kashata na sigara mbili, na mwenye kununua alikuwa Romani mwenyewe.

Suleiman alimgeukia. "Ina maana Kitonga uliruka?"

"Niliruka."

"Na lori likabaki peke yake?"

"Likabaki na Salumu."

"Nakuuliza lori," Suleiman akasema. Akasimama, akakung'uta kanzu. "Utingo wapo wengi, Mungu amrehemu. Lakini mtu anayetupa gari la watu, mimi sitampa langu. Jibu lako ndilo hilo." Akatoka, akipita kwa adabu kando ya kigoda cha Bi Mwajabu, akamsalimia. Bi Mwajabu hakuitikia.

Kanda ile ikawa mali. Watu wa Buguruni na Kiwalani walikuja wakiuliza, "Leo mnaonyesha Romani?" Ikawa jina lake. Talha alijaribu kumbadilisha stelingi jina, watazamaji wakamzomea. Ilipofika picha ya kuruka, banda lote lilihesabu: moja, mbili, tatu. Ya tatu Talha alinyamaza kwa makusudi, maana wateja walishapenda wenyewe kuisema sehemu ya Romani, wakimwigiza kwa sauti ya puani: hapo anamwita.

Romani alihamia Wazo, nikasikia anapakia mifuko ya saruji kwenye malori ya watu. Kabla hajahama alipita mlangoni asubuhi moja tu. Sinia la Bi Mwajabu lilikuwa ndiyo kwanza limetoka jikoni, limejaa, mvuke unapenya kwenye kitambaa.

"Shikamoo mama."

Bi Mwajabu aliangalia barabara.

"Marahaba," akasema. "Vimekwisha."

Romani akalitazama sinia. Kisha akatoa hela mfukoni, akainyoosha.

"Nimesema vimekwisha," akasema Bi Mwajabu, na akafunua kitambaa ili mteja aliyekuwa nyuma ya Romani achague.