Shangazi Aliyesimamisha Trekta Mlimani

Shangazi hunywa chai ya asubuhi akiwa amesimama wima, bega kwenye mlango wa jikoni. Mumewe, fundi viatu, ameshachoka kumsogezea kiti.

"Kaa hata kidogo, mke wangu. Kiti hiki hakina miba."

"Nitakaa kutwa nzima, baba. Acha miguu ijue kuwa iko hai."

Kweli hukaa kutwa. Kazi yake ni kuendesha trekta la tajiri kutoka shamba moja hadi jingine kwa barabara kuu, siku mbili kwenda, mbili kurudi, kwa mwendo wa bibi harusi. Magari yakijipanga nyuma kama siafu, husogea pembeni akayapungia yapite. Wapo wanaomshukuru kwa honi, wapo wanaomtukana. Wote huwaitikia, "Salama!"

Lakini asubuhi moja aliiacha chai nusu kikombe. Tajiri alikuwa amenunua lori la kubebea trekta. Shangazi amalize safari hii, kisha akawe mlinzi wa geti. Kivuli kipo, alisema tajiri, kama vile Shangazi ni nyanya za kuhifadhiwa.

Akaondoka kanuna. Mbele kidogo akamkuta muuza mayai, rafiki yake wa barabarani, na baiskeli yake yenye trei hadi kisogoni. Hawa wawili huongea kwa zamu. Kwenye mteremko mwenye baiskeli hulipita trekta, kwenye mlima trekta likamwacha. Salamu tu huweza kula kilometa tatu.

"Mbona uso umekunjika?" aliuliza muuza mayai akishuka kama mshale.

Mlimani Shangazi akamfikia jamaa akisukuma baiskeli na kuhema. "Wananipeleka getini!"

Mteremko uliofuata: "Getini kufanya nini?"

Mlimani: "Kufungua na kufunga!"

"Wewe? Hebu sikia, kule kwenye mashamba ya miwa wanatafuta..."

Injini ikameza maneno yaliyobaki.

Wanatafuta nini? Mbwa aliyepotea? Shangazi alitazama kioo, akamwona jamaa anazidi kuwa mdogo. Basi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka tisa: akakanyaga breki katikati ya mlima, akazima injini, akangoja. Nyuma honi zikaanza.

"Malizia!" alimpigia kelele muuza mayai alipofika. "Wanatafuta nani?"

"Dereva wa trekta. Wa masafa marefu. Vijana waliokuwa nao wanakimbiza mno, wameangusha mawili mtaroni."

Dereva wa basi akatoa kichwa dirishani. "Mama, mmefungua baraza hapo?"

"Dakika moja, mwanangu! Ninatafutiwa kazi!"

Basi zima likacheka. Abiria mmoja akasema wamwache mama wa watu amalize.

Siku ya nne Shangazi alirudi, akiwa amepitia kwenye miwa na kupewa kazi, akaosha trekta mpaka likang'aa, akaingia ofisini na kuweka funguo mezani.

"Asante kwa miaka yote, bosi. Wanao hawajambo?"

"Hawajambo. Kesho unaanza saa moja."

"Naanza, ila si kwako."

"Usinitanie, Shangazi. Utarudi tu."

Alicheka, akampa mkono, akatoka. Njia ya kwenda kwenye miwa iko kushoto. Akaishika kwa miguu, mikono nyuma. Tajiri alisimama dirishani akingoja ageuke. Alipofika kwenye kona Shangazi aliharakisha. Ofisini kule hakurudi tena.