Begi Jepesi na Viazi vya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa ameutazama Mlima Kenya kila asubuhi tangu utotoni, na hakuwahi kuukaribia. Mwaka mmoja katikati ya miaka ya tisini, baada ya kuvuna viazi, alitangaza kwamba magoti yake hayatangoja zaidi. Nilikubali kumpeleka kwa sababu zangu mwenyewe. Nilikuwa nimepata kazi ya ushonaji Nanyuki na sikujua nitamwambiaje. Mume wangu, mwanawe wa pekee, alikuwa amefariki, na katika boma lile karibu na Mweiga tulibaki yeye na mimi.

Nyeri, siku ya soko, niliingia kwenye mitumba kutafuta begi la mgongoni. Mgongo wangu si wa kuchezea, kwa hiyo sikuharakisha. Begi la kwanza lilikuwa na vyuma na lingeweza kubeba mbuzi. Likiwa tupu lilinichosha tayari. Jingine lilikuwa jepesi, ila kamba zake zilikata mabega kama waya. Nikapata la nailoni, kamba pana zenye sponji, na mshipi wa kufunga kiunoni ili uzito usikae mabegani peke yake. Muuzaji aliazima kabichi za jirani yake, akazitia ndani, nikazunguka nazo sokoni. Watu walinisalimia kwa heshima. Nikachukua hilo.

Asubuhi ya safari nilipakia masweta, makoti ya mvua, mkate na chupa ya chai. Niliweza kuliinua begi kwa kidole. Mama naye aliliinua, akauliza tutalala kwa nani. Nikamkumbusha kwamba ni kwa binamu yake Wanjira, Naro Moru.

"Na utaingia kwake umebeba hewa?"

Akatia viazi, akatia maharagwe, kisha akaongeza viazi.

Naro Moru tulifika jioni. Wanjira alivisifu viazi. Mumewe, mtu mpole, alitupeleka kuona ghala lake, ambalo lilikuwa limejaa viazi mpaka mlangoni. Mama alisema vyetu ni vya aina nyingine. Hakuna aliyebisha.

Kesho yake tulishika barabara ya msituni, begi likiwa jepesi kama nilivyokusudia. Tulipanda polepole, tukipumzika kila alipotaka kusifu mti, hadi mianzi ilipoanza. Mlima haukuonekana. Mbele kulikuwa na mianzi, na juu ya mianzi kulikuwa na mawingu. Mama aliketi kwenye gogo, akasema mlima unaonekana vizuri zaidi ukiwa nyumbani.

Nilimmiminia chai, nikamwambia habari za Nanyuki. Nilieleza zaidi ya ilivyohitajika, mpaka aina ya cherehani. Alimaliza chai yake kwanza.

"Nilijua," alisema. "Nilishuku tangu mapema, na mtu hanunui begi ya mshipi juu ya kulala siku moja. Niliogopa utaenda bila kuniambia, ndiyo nikasema twende mlima. Haya magoti yananiuma sana."

Nikamuuliza kama amekasirika.

"Mimi nilizika mtoto. Wewe unaenda kushona."

Alinipa kikombe nikishike, akaegemea bega langu ili asimame, na hakuliachia mpaka tulipotoka msituni.

Tulipoaga, Wanjira alilichukua begi. Kwetu begi la mgeni halirudi tupu. Alilijaza viazi. Nilifunga mshipi, nao ulifanya kazi yake vizuri hadi Mweiga.

Kwa hiyo anayetafuta begi la matembezi mafupi nampa niliyojifunza: chagua jepesi, lenye kamba pana na mshipi imara, na usidhani wewe ndiye utakayelijaza. Mengine niliyojifunza kule kwenye gogo siwezi kumfundisha mtu.

Jumatatu iliyofuata Mama alinisindikiza hadi barabarani kwa magoti yale yale. Alinifunga kifungo cha juu cha sweta, akaniambia nisishone kwa taa hafifu, macho yataharibika. Kisha akageuka, kwa kuwa ng'ombe alikuwa hajakamuliwa.