Kiganja Kwenye Mdomo wa Bunduki

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na ninachokikumbuka zaidi ni bunduki ambayo haikulia.

Nilikuwa kijana, nimerudi Maskati baada ya kuzurura Dubai na Bahreni kwa vibarua vya hapa na pale. Harusi ya dada yangu ilikuwa imekaribia. Desturi unaijua: wanaume husimama safu mbili wakaimba, mikononi mapanga na bunduki za kale, na aliye hodari huirusha yake hewani akaidaka. Humudi, mtoto wa ami yangu, alinikejeli mbele ya wenzetu kwamba sisi tuliolelewa Unguja kabla ya kuja Omani tutasimama safuni na mwiko wa pilau. Walicheka mpaka wakafuta machozi. Nami nikaapa moyoni kwamba nitasimama na bunduki, tena ya jeshi, ya kweli.

Nikaanzia madukani Matrah, kwenye soko la kale. Bunduki zilizofungwa vibati vya fedha wageni hununua wakatundika ukutani, na bei zake zilinitoa jasho. Za bei nafuu zilikuwa za kuunganishwa, mtutu wa hii na kitako cha ile, ukiipiga huenda ikakupasukia usoni. Rahisi ghali. Muuzaji mmoja akanionea huruma, akanishauri niende majumbani kwa wazee, kwani watoto wao wamehamia maghorofa ya Al Khuwair na hawavitaki vyuma vya babu zao. Mama ndiye aliyenitajia Ami Khalfani wa kijiji cha Bustan, askari mstaafu, rafiki wa marehemu baba.

Ami alinikaribisha kwa tende na kahawa. Akauliza hali ya mama, ya shangazi, ya jirani zetu wa zamani, na mimi nimekaa kama niliyekalia makaa. Hatimaye akaingia chumbani, akatoka na bunduki aliyoizungushia kanzu kuukuu. Ilikuwa ya Waingereza, ya risasi moja moja, yenye wenzo wa chuma chini wa kuifungulia. Mbao yake ilikuwa nyeusi kwa jasho la mikono ya watu waliokwisha kufa.

Nikaipokea. Uzito wake ulinishtua. Nikaiegemeza begani, nikaulenga mlango, kidole kwenye kifyatulio.

"Ina risasi?" akaniuliza.

"Haina, ami. Tupu."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Akainuka polepole, akaja mbele yangu, akauweka mkono wake kwenye mdomo wa mtutu, kiganja wazi.

"Basi fyatua."

Mwanangu, feni ya dari ilikuwa inazunguka, na sauti yake ndiyo pekee niliyoisikia. Nilimtazama usoni. Hakukunja uso wala hakucheka. Kidole changu kiliganda. Nikaishusha.

"Umeapa," alisema. "Mbona hufyatui?"

Akaichukua, akausukuma wenzo, akanionesha ndani. Hamna kitu.

"Niliifungua kabla hujafika, nikaifungua tena chumbani. Sote wawili tumesema ni tupu. Mimi nnajua, wewe ulidhani. Na hata mimi nnayejua, mkono wangu siuweki hapo ovyo."

Kisha, bunduki ikiwa bado imefunguliwa, akauelekeza mtutu dirishani, akaniambia nichungulie ndani yake. Wallahi, na hiki nakiapia kwa kuwa nilikiona: ndani ya chuma kile kikongwe mlikuwa na mifereji inayong'aa, imejizungusha kama ngazi za mnara zinazopanda kuelekea mwangani. Sijui bunduki ile ilibebwa katika vita gani, wala mabegani mwa nani. Nikasema Subhanallah, nikasahau hata kutaja bei.

Hakuniuzia. Siku ya harusi nilisimama na bakora ya baba, na Humudi akaniuliza mwiko wangu uko wapi. Nikamjibu nimemwachia yeye, mla pilau.

Lakini nikawa nakwenda Bustan kila Ijumaa baada ya sala. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Nikajifunza kuifungua, kuifuta, kuipaka mafuta. Siku moja Ami akaniagiza nikatafute kibali polisi, na nilipokileta, alinipa bunduki ile kwa bei ambayo Matrah isingeninunulia hata mkanda wake. Nilimuuliza kwa nini mimi.

"Walikutangulia wawili, wenye mali zao," alisema. "Niliwawekea mkono vilevile. Wao walifyatua."

Basi, mwanangu, ukiitafuta bunduki ya kale na mfuko wako ni mwepesi, usikimbilie duka lenye taa nyingi. Nenda kwa wazee, kaa, kunywa kahawa yao, uliza nani aliibeba kabla ya kuuliza bei. Ichungulie kwenye mwanga, maana urembo wa nje huficha mengi. Uwe na kibali chako. Ifungue kila inapokufikia mkononi, hata kama aliyekupa ni baba yako na ameifungua mbele ya macho yako. Na lile usilolijua, usiliapie, iwe ni bunduki au ni heshima ya mtu, kwani dhana hufyatuka, na kilichotoka hakirudi.

Mola akupe kidole kinachosita na jicho linalostaajabu, akulinde na shari ya chuma na shari ya ulimi, na akujaalie wazee wa kukuwekea kiganja. Amin.