Mkono Ulioishia Kwenye Kofia

Kila aliyewahi kuniuliza niliandika utafiti wangu wa mwisho chuoni kuhusu nini alijuta kuuliza, kwa sababu nilikuwa najibu kwa urefu. Niliandika kuhusu kipengele cha Katiba kinacholipatia Bunge uwezo wa kumshtaki Rais na kumwondoa madarakani. Swali langu lilikuwa moja: siku hiyo ikifika, wabunge wa chama cha Rais watapiga kura pamoja na wapinzani? Jibu nililofikia ni kwamba hawatapiga, maana mbunge akifukuzwa uanachama anapoteza na ubunge. Msimamizi wangu aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "Una uhakika gani?" Sikuwa na uhakika. Sijawahi kuwa na uhakika hata kama nimefunga mlango.

Nilipohitimu nilirudi kwa Mama, Maili Moja, nikawa namsaidia kwenye duka lake la vifaa vya shule. Kazi yangu ilikuwa kutoa fotokopi. Nilikuwa nimepeleka maombi ya kazi kwenye viwanda vya Zegereni, na kila simu ikiita nilijiandaa kwa sauti ya mtu wa ofisini. Siku moja ikaita, kumbe ni Bibi, mama yake Mama, kutoka Kisarawe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Hivi huko chuoni walikufundisha mti ukipakwa rangi nyekundu maana yake nini?"

"Mti gani?"

"Mikorosho yangu. Wamekuja vijana na mtambo wa miguu mitatu, wanachungulia, wanapaka. Mimi nikadhani watu wa salfa ya kupulizia mikorosho, nikawapa na maji ya kunywa."

Hawakuwa watu wa salfa. Walikuwa wapima ardhi. Mwenyekiti wa kijiji cha Bibi, ambacho sitakitaja, alikuwa amekubaliana na mwekezaji aliyetaka eneo la kujenga kiwanda. Lile eneo lilikuwa na mashamba ya watu, na la Bibi lilikuwa katikati. Bibi hakuwa na hati. Alikuwa na mikorosho aliyoipanda na Babu, mihogo, na kaburi la Babu lenyewe upande wa mashariki, limezungushiwa mawe. Mwenyekiti alisema fidia italipwa na makaburi yatahamishwa kwa heshima. Mkutano mkuu wa kijiji haukuwahi kuitwa kulijadili jambo hilo.

Nilifunga duka nikapanda bodaboda kupitia njia ya Kiluvya. Njiani nilikuwa nimeshatunga hotuba tatu, na sikujua nitamtolea nani.

Nilikuta kijiji kizima kinazungumzia jambo moja. Wajumbe wa upinzani katika halmashauri ya kijiji walikuwa wameleta hoja ya kutokuwa na imani na mwenyekiti. Ikipita, atakaa pembeni na mkutano mkuu utaitwa kuamua hatima yake, na mpango wa ardhi utasimama. Lakini wapinzani walikuwa wachache. Walihitaji wajumbe saba kutoka chama cha mwenyekiti wawaunge mkono. Na mmoja wa wajumbe wa chama hicho alikuwa Mjomba, mtoto pekee wa kiume wa Bibi.

Nilikuwa nimeliandika jambo hili kwa kurasa na kurasa, na sasa lilikuwa limekaa kwenye mkeka wa Bibi likinywa chai ya rangi.

"Mkono wangu nitaunyoosha, Mama," Mjomba alimwambia.

"Mkono upi?"

"Huu huu wa kulia."

"Unyooshe vizuri. Mimi nitakuwa pale dirishani, macho yangu bado yanafanya kazi."

Mjomba alicheka. Hakuwa mtu mbaya, na nataka hilo lieleweke. Yeye ndiye aliyekuwa akimpalilia Bibi shamba kila msimu bila kuambiwa. Lakini alikuwa pia balozi wa shina la chama, na watu walikuja kwake kwa kila kitu. Mwanawe alikuwa anangojea nafasi ya ajira ambayo ilihitaji watu wa kumsemea. Yote hayo yalipita mlango mmoja, na mlango huo ulikuwa wa chama. Akifukuzwa uanachama, ujumbe wake unakufa siku hiyo hiyo, kama ule ubunge niliouandika.

Aliyeongoza hoja ya wapinzani alikuwa mama mmoja wa Kinyamwezi mwenye mgahawa karibu na ofisi ya kijiji. Alihamia huko kabla sijazaliwa. Sisi ni Wazaramo, kwa hiyo yeye ni mtani wetu, na utani wake haukuwa na likizo. Mjomba alinipeleka pale tukale.

"Karibuni, wauza mashamba," alitupokea. "Nyie Wazaramo mkisikia ngoma tu, shamba limeshaondoka. Safari hii ngoma yenyewe hata haijapigwa!"

"Wewe mpagazi, tua mzigo kwanza utupe wali," Mjomba alimjibu. "Umekuja kwa miguu kutoka Tabora, umechoka, unaleta fujo."

"Nimechoka ndiyo, lakini shamba langu ninalo. Wewe la mama yako unalinyooshea mkono au unalipungia?"

Mjomba akacheka sana kuliko utani wenyewe ulivyostahili. Alipotoka kwenda kunawa, yule mama aliacha utani. Akakaa mbele yangu akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli nilisomea mambo haya.

Nilisema ndiyo. Ni mara chache mtu aliwahi kuniuliza nilichosomea kwa sababu anakihitaji. Nikamweleza kwamba wajumbe wa upande ule wanaogopa kuonekana, na njia pekee ya kuwaondolea woga ni kura ya siri. Wakiandika kwenye karatasi, wakakunja, chama hakitajua nani amekiasi. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Hilo limekaa vizuri." Nilikula wali wangu nikiwa na furaha ambayo nilianza kuitilia mashaka kabla hata sijamaliza sahani.

Jioni kabla ya kikao, chama cha mwenyekiti kiliwaita wajumbe wake wapewe msimamo. Mjomba alirudi kabla ya magharibi, akaketi kwenye kigoda bila kuvua viatu. Nilimuuliza wameambiwa nini.

"Wametuambia sisi ni familia moja."

"Na wewe ulisema nini?"

"Watu wakikuambia ni familia moja unasema nini, mjomba? Unaitikia." Kisha akaongeza, "Ikiwa kura ya siri, hakuna tabu. Tupo wengi. Tumeangaliana tu, lakini tupo."

Nilitaka kumuuliza kuangaliana kunathibitisha nini, nikajizuia. Nikatoka nje nikaenda kusimama kwenye kaburi la Babu. Nilikuwa nawaza kila kinachoweza kuharibika. Karatasi zinaweza kukosekana, basi nikarudi ndani nikachana madaftari na kukata vipande. Kalamu zinaweza kutofautiana wino, wakajulikana. Nikakusanya kalamu za wino mmoja. Nani atahesabu? Nani atashika kopo la kura? Niliwaza kila kitu, kila kitu, isipokuwa kile kilichotokea.

Kikao kilifanyika ofisini, chumba kimoja chenye madirisha ya nondo. Wanakijiji waliruhusiwa kusikiliza wakiwa nje, na dirisha la upande wa kushoto lilikuwa limejaa kanga na kofia. Bibi alipewa kiti. Mimi nilisimama nyuma yake na bahasha yangu ya vipande vya karatasi, nimeishika kwa mikono miwili.

Kwa kuwa mwenyekiti ndiye aliyeshtakiwa, walimchagua mzee mmoja wa chama chake aongoze kikao. Mwenyekiti mwenyewe aliketi mstari wa mbele, akiwageukia wajumbe kana kwamba kazi yake siku hiyo ni kupiga picha. Hoja ikasomwa. Yule mama wa Kinyamwezi akasimama akaomba kura iwe ya siri.

Mzee wa kikao aliitikia kwa kichwa, kwa upole. "Ni ombi zuri. Lakini siwezi kuamua peke yangu, hiki ni kikao cha watu wote. Tuwaulize wajumbe. Wanaotaka kura iwe ya siri, wanyooshe mikono juu."

Nakumbuka kwamba hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe nilichelewa kuelewa. Ili kujificha, walitakiwa kwanza wajionyeshe. Kurasa zote zile nilizoandika hazikuwa na mstari hata mmoja kuhusu jambo hilo.

Mikono ya wapinzani ilipanda mara moja. Mwenyekiti aligeuza shingo taratibu, akawatazama watu wake mstari kwa mstari. Hakukunja uso. Alitabasamu.

"Huyo mwanangu yuko wapi?" Bibi aliuliza.

"Mstari wa tatu, karibu na ukuta."

"Namwona."

Mkono wa kulia wa Mjomba ulikuwa unapanda. Naapa ulikuwa unapanda. Ulitoka gotini, ukapita kifuani, ukafika usawa wa sikio, na macho ya mwenyekiti yakaufikia hapo. Mkono ukaendelea kidogo, ukagusa kofia, ukaiweka sawa, ukashuka. Wengine wawili au watatu walikuwa wamejikuna shingo. Mmoja alikuwa amefunga macho kama mtu anayeomba dua.

"Walio wengi wanataka kura ya wazi," mzee alisema. "Tuendelee."

Kura ya pili ilikuwa fupi. Wapinzani walinyoosha mikono peke yao, na safari hii Mjomba alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili. Hoja ikafa. Watu wa mwenyekiti walipiga makofi, na nilimwona Mjomba akiivuta mikono kutoka chini ya mapaja ili naye apige.

Yule mama wa Kinyamwezi alitupita mlangoni. Nilingoja atutukane, atuite wauza mashamba, aseme lolote la utani ili tujue bado sisi ni watu wake. Alimshika Bibi bega, akamwamkia, akaenda zake kuwasha moto mgahawani. Hakututania kabisa. Mimi aliniangalia ile bahasha, nami nikaificha nyuma ya mgongo kama mtoto.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa namweleza Bibi mambo. Nilimwambia kuna baraza la ardhi, kuna mkuu wa wilaya, kuna kuandika barua, kuna wanasheria wa msaada. Kila nilichokitaja nilikiona kikiwa na mwenyekiti wake, na mstari wake wa mbele, na mtu anayegeuza shingo. Nilijikuta nasema polepole zaidi na zaidi. Bibi alikuwa anaokota kuni njiani.

"Baba yake Mjomba angenyoosha mkono?" nilimuuliza.

Alifikiri. "Baba yake alikuwa na mikorosho. Hakuwa na cheo."

Mjomba hakuja siku hiyo. Chakula chake kilifunikwa kwa kawa na hakuna aliyekigusa. Mimi nililala nikihesabu sababu zake kwa niaba yake, moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Ningekuwa mimi kwenye mstari wa tatu, na mwanangu anangojea ajira, na mlango ni mmoja, mkono wangu usingefika hata sikioni.

Asubuhi nilisikia jembe. Nilitoka nikamkuta Mjomba yuko katikati ya mihogo, amevua shati, anapalilia. Ile mihogo ilikuwa michanga, haijafika hata magotini. Isingekuwa tayari hadi mwakani, na mwakani pale penye rangi nyekundu pangekuwa ukuta wa kiwanda. Yeye alijua, mimi nilijua. Alikuwa anapalilia kwa uangalifu mkubwa, anatoa nyasi na mizizi yake, anakung'uta udongo, kama mtu anayeandaa shamba la kurithisha.

Bibi alitoka na kikombe cha chai akasimama pembeni ya tuta. Nilidhani sasa atasema. Nilikuwa nimejiandaa kusimama katikati yao, na kama kawaida nilikuwa na maneno ya pande zote mbili.

"Shikamoo, Mama," Mjomba alisema bila kuinua kichwa.

"Marahaba." Alimpa chai. Akamwangalia akinywa hadi ikaisha, akapokea kikombe. "Ukimaliza hapa ukapalilie na kule kwa baba yako. Nyasi zimepanda kwenye mawe."

"Sawa, Mama."

Nikachukua jembe lingine nyuma ya nyumba. Sikujua kazi yangu ni ipi, nikaanza tuta la jirani na lake. Mjomba alinitazama kidogo, akanisogelea, akanirekebisha mkono wa kulia kwenye mpini ili usiote malengelenge. Tulipalilia kuelekea mashariki, upande wa kaburi, tukipita mikorosho yenye rangi.